Dopamini na Wazee Wanaochelewa Kuitikia Salamu

Katika miaka ya karibuni jina la dopamini limetoka katika vitabu vya matabibu likaingia vinywani mwa watu wa kila daraja, hata si ajabu tena kumsikia mhubiri akiilaumu kwa kupotea kwa vijana, na mzazi akiishutumu kwa ajili ya mtoto asiyeweza kuiweka simu chini, na mshauri wa biashara akiahidi, kwa ada isiyo ndogo, kuwafundisha watu namna ya kujinyima dopamini kwa siku kadhaa ili nyoyo zao zitakasike. Wote hao huiita kemikali ya furaha. Sina ugomvi na furaha, wala sisemi kwamba wamezua. Lakini naona kwamba dhana hiyo, kwa kuenea kwake, imeifunika kazi nyingine ambayo ndiyo iliyoipa dopamini heshima yake mbele ya wanasayansi, na ambayo kwa watu wetu ina uzito kuliko anasa zote za simu, nayo ni kazi ya kuutia mwili katika mwendo. Kwa kutoijua kazi hiyo tunawahukumu isivyo haki watu wengi, aghalabu wazee, na hukumu hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Kwetu sisi salamu ni deni. Kijana akisema shikamoo, na mkubwa asiitikie, au akaitikia baada ya kitambo kwa sauti hafifu na uso usiokunjuka, kijana huenda zake akinung'unika kwamba mzee yule ana kiburi, au amekasirika, au akili zimeanza kumtoka. Mkewe humwona ameketi tangu alasiri pasi na kuinuka kujitwalia hata maji ya kunywa, akasema kwamba mume amekuwa mvivu uzeeni. Akitembea kwa hatua fupi za kuburura, huku mkono mmoja umetulia ubavuni bila ya kupunga, wapita njia husema amelewa. Na akifika mlangoni, uwe wa msikiti au wa nyumba yake mwenyewe, akasimama ghafla asiweze kuuinua mguu, ilhali nyuma yake watu wanangoja, hapo ndipo husikika habari za majini na mahasidi. Uso usio na ishara, sauti iliyofifia, uzito wa kuanza tendo na kukwama kizingitini: mambo haya, ambayo tumeyatafutia kila moja kosa lake la tabia, ni alama za maradhi mamoja, na maradhi hayo yameandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1817 tabibu wa London aitwaye James Parkinson alichapisha kitabu kidogo juu ya maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka, akieleza habari za watu sita, ambao baadhi yao hakupata kuwatibu bali aliwaona tu njiani akavutwa na mwendo wao. Napenda kulikumbuka jambo hilo, maana laonyesha kwamba elimu hii ilianza kwa mtu aliyejua kutazama. Baadaye Mfaransa Jean-Martin Charcot, mwalimu mashuhuri wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyapa maradhi hayo jina la Parkinson, naye ndiye aliyebainisha jambo ambalo hata leo wengi hawalioni, kwamba mgonjwa aweza asitetemeke kabisa, na kwamba uzito wake wa kutenda hautokani na udhaifu wa misuli. Ilipofika mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff, mzaliwa wa dola ya Urusi aliyekuwa akisoma huko huko Paris, alionyesha katika tasnifu yake kwamba watu waliokufa na maradhi haya wamepungukiwa na seli katika sehemu ya ubongo wa kati ambayo, kwa weusi wake, huonekana kwa macho matupu pindi ubongo ukatwapo.

Seli hizo ndizo zitengenezazo dopamini. Ukizipima na jumla ya seli za neva za ubongo wa mwanadamu, ambazo hukadiriwa kuwa bilioni 86, hizi ni chache mno, kwa kuwa hazifiki hata milioni moja kwa pande zote mbili za ubongo. Walakini kila moja ina utando wa matawi usio wa kawaida: watafiti wa Japani walioufuata utando wa seli moja moja za panya, wakatangaza habari zao mwaka 2009, walipata kwamba ukiviunga vijitawi vyote vya seli moja, urefu wake waweza kufika sentimita 78. Kuulisha utando mkubwa namna hiyo kwahitaji nguvu nyingi, na wapo mabingwa wanaodhani kuwa mzigo huo ni sababu mojawapo ya seli hizi kuchakaa mapema kuliko jirani zake.

Dopamini yao humwagwa katika kiini kikubwa kilichomo ndani kabisa ya ubongo, kiitwacho striatamu. Humo mna makundi mawili ya seli yaliyochanganyikana. Moja likiamshwa huruhusu harakati, na jingine huizuia. Dopamini hulichochea lile la kwanza na kulituliza lile la pili, kila moja kwa kipokezi chake, hata athari hizo mbili, ambazo kwa sura zapingana, huelekea upande mmoja wa kuruhusu. Ni lazima ieleweke kwamba viini vya ndani vinavyopokea ujumbe wa striatamu havilali mtu anapotulia. Hupeleka juu amri ya kuzuia isiyokatika, na tendo hutokea pale amri hiyo inapolegezwa kwa ajili ya tendo lile lililochaguliwa, huku mengine yote yakiendelea kufungwa. Kwa hiyo mtu aliyepungukiwa na dopamini ni mfano wa jahazi lililokwisha kutweka tanga, upepo wavuma na mabaharia wako tayari, lakini nanga ingali chini. Mtazamaji aliye pwani, asiyeiona nanga, atasema nahodha amelala.

Jinsi jambo hili lilivyojulikana ni hadithi inayostahili kusimuliwa kwa utuvu. Dopamini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza maabarani mwaka 1910, huko Uingereza, na kwa karibu nusu karne hakuna aliyeithamini, kwa kuwa ilidhaniwa ni kituo tu cha njiani katika kutengenezwa kwa kemikali nyingine iliyo bora. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa chuo kikuu cha Lund, Uswidi, aliwadunga sungura dawa iitwayo reserpini, iliyotolewa katika mmea wa Kihindi wa jenasi ya Rauvolfia, na sungura wale wakalegea masikio na kuganda wasijongee. (Mti wetu wa msesewe, ambao gome lake hutiwa katika mbege huko Kilimanjaro, ni wa jenasi iyo hiyo, ingawa mnywaji wa mbege asitafute humo udhuru wa kushindwa kuinuka.) Kisha akawadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na katika muda wa dakika chache sungura wakaamka, wakatazama huku na huko, wakaenda zao. Ungedhani ulimwengu ungesimama kumpigia makofi. Wapi! Mwaka 1960 wakuu wa taaluma hiyo walikutana London, wakaisikiliza hoja yake kwa shaka na baridi, kana kwamba dopamini ni mgeni aliyeingia karamuni bila ya kualikwa.

Mwaka huo huo, mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima bongo za wafu na kukuta kwamba waliokuwa na ugonjwa wa Parkinson wamekaukiwa na dopamini katika striatamu. Na mwaka 1961 Hornykiewicz na tabibu Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kuketi wakasimama, na waliokuwa wakisimama kwa taabu wakatembea. Nafuu hiyo ilikuwa ya saa chache. Ikambidi George Cotzias, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Brookhaven katika jimbo la New York, aonyeshe mwaka 1967 kwamba dawa ikimezwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole hata ikafikia kipimo kikubwa, mgonjwa hupata nafuu ya kudumu. Carlsson alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000, akishirikiana na wengine wawili. Basi dopamini, kabla ya kuitwa mama wa anasa, ilikuwa imekwisha kuwainua vitandani watu waliokata tamaa.

Hata hivyo insafu yanilazimu niwape haki yao wale wanaoihusisha dopamini na matamanio, kwani Wolfram Schultz na wenziwe walionyesha kwa majaribio ya nyani kwamba seli hizi huchangamka mnyama apatapo tunzo asiyoitarajia, na hunyamaza akikosa aliyoitarajia. Swali ni kama kazi hizo mbili, ya kutamani na ya kwenda, ni mbali mbali, na hapa ndipo elimu ya miaka ya karibuni inaponivutia kuliko penginepo. Mwaka 2007 watafiti wa New York waliwataka wagonjwa wa Parkinson na watu wenye afya wanyooshe mikono kwa kasi maalumu. Wagonjwa waliweza kuifikia kasi ile, tena bila ya kupoteza shabaha kuliko wenzao; ila iliwabidi wajaribu mara nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba uwezo ulikuwamo. Kilichopungua ni ile hesabu ya siri ambayo ubongo huifanya kabla ya kila tendo, pasi na mwenyewe kujua, ya kwamba tendo hili lastahili nguvu kiasi gani.

Kisha mwaka 2018 watafiti wa Lisbon, Ureno, walieleza kwamba baadhi ya seli hizi katika panya huchangamka kabla mnyama hajaanza kwenda. Wakizituliza kwa ufundi wao wakati panya ametulia, hupungua uwezekano wa yeye kuanza safari, na safari ikianza huwa dhaifu. Lakini wakizituliza akiwa amekwisha kushika njia, haathiriki. Na mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba seli za dopamini si za kabila moja: lipo kundi ambalo huitikia mnyama aongezapo kasi na halishughuliki na tunzo, nalo limo katika eneo lile lile ambalo maradhi ya Parkinson hulivamia zaidi. Kwa maoni yangu habari hizo zatosha kuivunja ile desturi ya kuisema dopamini kwa neno moja. Ipo inayohusika na malipo, na ipo inayohusika na kuondoka mahali.

Nasisitiza habari ya kuanza, kwa sababu ndiyo inayotuponza katika kuwahukumu wenzetu. Sisi huamini kwamba kati ya kutaka na kutenda hakuna kitu. Mtu akitaka hutenda, na asipotenda basi hakutaka. Juu ya imani hiyo tumejenga malezi, na ajira, na hata adabu ya nyumbani. Lakini mgonjwa huyu atuonyesha kwamba kati ya kutaka na kutenda ipo daraja ya nyama na damu, nayo yaweza kubomoka ilhali ng'ambo zote mbili zi salama. Tazama mambo yanayowashangaza jamaa zake, nao wakayafanya ushahidi wa kwamba ajifanya: mtu aliyekwama mlangoni huweza kuvuka akichorewa mistari sakafuni akaiinulia mguu mmoja mmoja; akipigiwa ngoma yenye mapigo ya sawasawa, hatua zake hurefuka, na wapo waliojulikana kukimbia nyumba ilipowaka moto, na baada ya hatari kupita wakarudi katika ugumu wao. Mwenye kuona hayo husema, "Kumbe aweza!" Naam, aweza, kwa njia nyingine, ile inayoamshwa na kitu cha nje, macho au masikio au khofu; isiyopitika ni njia ya ndani, ambayo mwenye afya huipita mara elfu kwa siku bila ya kuifikiri.

Ithibati ya kwetu nayo ipo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulifanywa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu zaidi ya 160,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Walipatikana wagonjwa 33. Idadi hiyo msomaji ataiona ndogo, na kwa kiasi fulani ni ndogo, kwa kuwa maradhi haya ni ya umri na watu wetu wengi ni vijana; linalotisha ni kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote jina la kinachowasumbua. Watafiti wengine waliokaa na wagonjwa na jamaa zao katika wilaya hiyo, wakaandika habari zao mwaka 2011, waliwasikia wakiyataja tu kuwa ugonjwa wa kutetemeka. Jina hilo si baya, na lakaribiana sana na la Parkinson mwenyewe. Lakini jina lisilofuatwa na tiba halimvushi mtu mlangoni.

Najua nitakaloambiwa. Nchi yenye malaria, na kina mama wanaofariki katika uzazi, na watoto wenye utapiamlo, itawezaje kushughulikia maradhi ya wazee wachache? Jibu langu la kwanza ni kwamba si wachache tena, wala hawatapungua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 ulimwengu ulikuwa na wagonjwa zaidi ya milioni 8.5, na kwamba idadi imeongezeka maradufu katika miaka 25. Na kila tunapofanikiwa kuwaponya watoto na malaria, twaongeza wazee wa kesho. Jibu la pili ni kwamba dawa yenyewe si ngeni wala si ya anasa. Levodopa pamoja na karbidopa, ambayo huizuia isipotee mwilini kabla ya kufika ubongoni, imo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo. Haiponyi, na baada ya miaka yaweza kuleta mitukutiko ya viungo isiyotakikana. Lakini ni dawa chache sana za ubongo ziwezazo kumrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vya shati lake katika muda wa saa moja.

Nigusie pia upupu, maana najua utatajwa. Mmea huu ambao kila aliyepita shule anaujua kwa manyoya yake yawashayo, na kwa watundu walioyamwaga juu ya madawati, una levodopa katika mbegu zake, na wakemia wa Kihindi waliitenga humo mwaka 1937; waganga wa Bara Hindi waliutumia kwa watu wanaotetemeka zamani kabla ya Parkinson kuzaliwa. Jaribio dogo la wagonjwa 18 lililofanywa Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba unga wa mbegu hizo waweza kuleta nafuu kama ya dawa ya hospitali. Mimi naliona jambo hilo kuwa sababu ya vyuo vyetu kufanya utafiti, wala si ruhusa ya mtu kuchemsha upupu jikoni kwake na kumnywesha baba yake kwa kipimo cha kukisia, maana dawa hii ikizidi huleta kichefuchefu, kuanguka kwa shinikizo la damu na kuona vitu visivyokuwapo. Guggenheim, mkemia wa Uswisi aliyeitoa levodopa katika maharagwe mwaka 1913, aliimeza mwenyewe, ikamtapisha vibaya.

Ninachokitaka kwa wakubwa wa afya ni kidogo. Dawa hiyo iwepo katika hospitali za wilaya, bila ya kumlazimu mgonjwa asiyeweza kupanda basi kuifuata mjini. Waganga wa zahanati wafundishwe uchunguzi ambao hauhitaji mashine: mwambie mtu agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, utazame kama mpigo unapungua na kufifia; mwambie aandike mstari mmoja, uone kama herufi zinazidi kuwa ndogo; mwambie atembee, utazame mkono upi haupungi; muulize kama amepoteza uwezo wa kunusa, au amekuwa na choo kigumu kwa miaka, kwani hayo huweza kutangulia muda mrefu kabla ya mtetemeko. Wakumbushwe pia kwamba dawa wanazowapa wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, na hata metoklopramidi wanayoitoa kwa ajili ya kutapika, huzuia dopamini, na zaweza kumgandisha mtu aliyekuwa mzima au kumzidishia aliyekwisha kuugua. Si vigumu kumdhania mzee aliyekauka uso kuwa amepatwa na wazimu, akapewa dawa ya wazimu, na hali yake ikawa mbaya marudufu.

Na wodini, mgonjwa wa Parkinson aliyelazwa kwa sababu nyingine apewe dawa yake kwa saa aliyoizoea, wala si pale gari la dawa litakapopita, tena kabla ya chakula, kwa kuwa nyama na maharagwe hushindana na levodopa katika kupita utumboni. Dozi ikichelewa saa mbili, atakutwa hawezi kujigeuza kitandani, na sauti ya kumwita muuguzi hana.